Nipige Picha Nilivyo

Kwa misimu miwili ya mahindi sikuliona anga ila nikiwa nimelala chali. Kidevu changu kilikuwa kimeshikana na kifua, na mdomo wa chini umevutwa ukageuka nje kama mfuko uliopinduliwa. Nikitaka kumwona mtu usoni, nilirudisha mgongo mzima nyuma, mikono kiunoni, kama mama mjamzito aliyekaribia siku zake. Watoto wa jirani waliniiga. Sikuwachapa. Niliwaambia wanakosea, nikawaonyesha inavyofanywa, wakakimbia.

Nayaandika haya kwa sababu najua kwamba Mwimbi, Muze, hata hapa mjini nyuma ya milango iliyofungwa, wapo watu wanaokaa na jambo kama langu, na wameshaambiwa washukuru tu kwamba wanapumua. Mimi pia niliambiwa. Nilishukuru, halafu nikaidai na shingo yangu.

Jina langu ni Skolastika. Tuliishi Sumbawanga mjini, mimi na mume wangu Deo ambaye ni seremala, watoto wetu watatu, na mama mzazi wa Deo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila mwenye miguu alikuwa na biashara: huyu mitumba, yule betri na sabuni kutoka Tunduma, mwingine samaki wa Ziwa Rukwa. Mimi nilikaanga vitumbua stendi. Nilianza na kuni, baadaye nikapata jiko la mchina, lile la mafuta ya taa lenye tambi, nikajiona nimeendelea. Mafuta yenyewe yaliuzwa kila kona kwenye chupa za soda, na hukuweza kujua nani amechanganya nini. Asubuhi moja, mvua zikiwa zinaishia, nilikuwa napasha kikaango jiko likalipuka. Moto wenyewe siukumbuki. Nakumbuka harufu ya nywele zangu, na muuza karanga mmoja akiniangukia na gunia lake kunizima.

Nililala wodini mpaka mahindi yakavunwa na baridi ya Ufipa ikaingia. Wanaojua kubadilishwa bandeji wanajua, na wasiojua siwezi kuwaeleza. Uso ulipona vizuri kuliko tulivyotegemea, ila shingo, kidevu na bega la kushoto vilikuwa vimeungua ndani. Kidonda kilifunga kwa kuvuta. Kila kilipofunga kidogo, kidevu kilishuka kidogo. Siku niliyoruhusiwa, muuguzi alinipongeza kwamba kidonda kimekauka. Ni kweli kilikuwa kimekauka, na mimi nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu.

Nyumbani nilijifunza maisha mapya. Nilinunua sweta la mtumba la shingo ndefu nikalivaa hata jua la Oktoba. Mate yalichuruzika, kwa hiyo nilitembea na kitambaa mkononi. Uji ulikuwa unamwagika, basi niliunywa nikiwa nimelala, kwa kijiko, watu wakiwa wametoka. Ugali niliukanda kwa vidole mpaka ulainike. Sikula mbele ya mtu yeyote tena, hata kwenye misiba na harusi ambako asiyekula huonekana ana lake jambo. Deo alihamia kulala chumba cha watoto, akasema anaogopa kunigonga kidonda. Kidonda kilipona, naye hakurudi. Hakuwa mkali. Aliniletea kila nilichohitaji, lakini alikuwa anazungumza na mimi akiwa anatazama randa lake.

Siku moja nilimpeleka mtoto wetu wa mwisho zahanati ya misheni akiwa na homa. Pale nje kuna benchi refu la mbao, na kwenye mabenchi ya hospitali watu hawana haya: wanakutazama kwa kuwa hawana kingine cha kutazama. Mwanamke mmoja alimgeuza mwanawe uso asinione. Nikamwambia kwa upole kwamba haiambukizi, amwache mtoto aangalie, atajifunza kuogopa jiko. Sista Imelda, muuguzi wa pale, alikuwa mlangoni akasikia. Alipomaliza kumpa mtoto dawa, alifunga mlango, akaniomba nivue sweta.

Hakuna aliyekuwa ameniomba hivyo tangu nitoke wodini.

Alinigusa shingo kwa vidole viwili, akaniambia nijaribu kuinua kichwa, nifunge mdomo, ninyooshe mkono wa kushoto. Kisha akaeleza kwamba katika hospitali moja ya misheni, mkoa mwingine, anakuja daktari bingwa wa kuunga ngozi. Anakuja mara chache kwa mwaka na hukaa siku chache. Watu ni wengi, hawezi kuwaona wote, kwa hiyo wanaotoka mbali hutanguliza picha. Yeye huzitazama, anachagua wa kuitwa, na anapanga kabisa atakata wapi na ngozi ataitoa wapi.

"Picha ndiyo wewe," Sista aliniambia. "Isipoonyesha, hujafika."

Nilirudi nyumbani na mtoto mgongoni nikiwa nimepata nguvu ambazo sijui zilitoka wapi. Jioni niliwaeleza. Mama mkwe alitema mate pembeni. Alikuwa mtu wa rozari na wa mambo ya zamani kwa pamoja, kama wengi wetu. Alisema picha ya mtu ni mtu, haitupwi njiani ikapita mikono ya madereva na watu usiowajua. Mji wetu una sifa yake, nanyi mnaijua. Ukifika mikoa mingine ukataja Sumbawanga, watu wanacheka na kusogea kidogo, japo wazee wanasema jina lenyewe maana yake ni tupa uchawi.

"Halafu uzuri unautaka wa nini?" akauliza. "Mume unaye, watoto unao. Wenzako wanakufa na malaria."

"Mama, sitaki uzuri," nilimjibu. "Nataka kumeza."

Lakini hiyo haikuwa kweli yote, na kwa ajili yenu wenye tatizo kama langu nitaisema yote. Nilitaka kumeza, na nilitaka uzuri pia. Nilikuwa nimeolewa nikiwa na shingo ambayo watu waliisifia, na sikuona dhambi kuitaka. Mwanamume akikatika mguu akataka mguu wa bandia, hakuna anayemuuliza anautaka wa nini.

Mpiga picha niliyemwendea ni Bwana Salehe, mtu wa Ujiji aliyefungua studio karibu na soko. Mtaratibu, anapaka mafuta nywele, anawaita wateja wake wote waheshimiwa. Nyuma alikuwa na pazia lililochorwa ndege na maua makubwa mekundu. Nilimweleza shida yangu, akasikitika sana, na huruma yake ndiyo iliyoniponza. Alinikalisha upande upande ili bega baya lirudi nyuma. Akanitupia kitenge shingoni kama bibi harusi. Akaweka taa chini ili uso ung'ae. Picha zilipotoka, nyeusi na nyeupe, nilikuta pia amenisahihisha kwa penseli, kovu limefifishwa.

Nilikuwa nimependeza. Nawaambia ukweli, nilipoiona ile picha moyo uliruka. Mama mkwe, pamoja na maneno yake yote, aliomba nakala moja akaiweka kwenye kitabu chake cha sala.

Sista Imelda alizituma. Majibu yalikuja kwa redio ya upepo ya misheni, nami niliitwa nikakaa kando ya Sista, sauti ya daktari ikikatika katika kama mtu anayezungumza ndani ya mahindi makavu. Alituuliza kama kuna picha nyingine. Sista akasema ndizo hizo.

"Nimeona mama mzuri," daktari alisema. "Sijaona ugonjwa. Nitakata nini hapo?"

Akaeleza anavyotaka. Za rangi, ili aone kovu jekundu ni lipi na jeupe ni lipi. Moja uso mbele, moja kila upande, moja kichwa kimeinuliwa hadi mwisho wake, moja mdomo wazi na nyingine mdomo ukijaribu kufunga, moja mikono juu. Nyuma pawe patupu. Bila poda, bila hereni, bila kutabasamu. Na nguo isiwepo mpaka chini ya makwapa, kwa sababu kovu linakoishia ndiko yeye anakoanzia.

Sista alinitazama. Nilijua anawaza ninachowaza: Deo atakubali?

Jaribio la pili tulilifanya nusu nusu, na nusu nusu haina faida. Ilikuwa mvua zimeanza. Deo alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba na yeye awepo studio na nguo ishuke mpaka mabegani tu. Alisimama pale mikono kifuani kama askari wa benki. Bwana Salehe aliogopa, maskini, mume wa mtu amesimama mgongoni kwake. Ndani kulikuwa giza la mawingu, akatumia flashi. Alipiga haraka haraka ili tumalize. Picha za rangi zilikuwa zinasafishwa Mbeya, na njia ya Tunduma wakati wa masika mnaifahamu: malori yanalala kwenye tope, abiria wanapika njiani. Picha zilirudi maharage yakiwa yamekomaa shambani. Flashi ilikuwa imelimeza kovu lote, shingo imekuwa nyeupe kama bakuli. Mbili zilikuwa na ukungu kwa sababu nilitikisika. Ya kuinua kichwa haikuonekana kama ya kuinua kichwa, maana mwisho wa kukiinua kichwa changu ulikuwa ndio huo huo wa kuinama, na hapakuwa na kitu cha kupimia.

Daktari alikuja akafanya kazi yake akaondoka. Sikuitwa.

Nililia siku ile. Siku ya pili yake niliamka na hasira, na hasira ile ndiyo dawa ya kwanza iliyonifaa. Nilielewa kwamba wote, Deo, Mama, Bwana Salehe, na mimi mwenyewe, tulikuwa tunampelekea daktari picha ya aibu yetu, na yeye alikuwa ameomba picha ya shingo.

Nilisubiri mvua ziishe. Mwezi wa sita, anga la Ufipa likawa safi, upepo baridi, jua kali lisilo na joto. Nilimwambia Deo kwamba kesho naenda kupiga picha, nguo mpaka makwapani, na sihitaji mlinzi. Alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti.

"Wanaume wangapi wataiona hiyo picha?" akauliza.

"Sijui. Wewe hujaiona shingo yenyewe, Deo. Ukiniambia kovu langu linaishia wapi, siendi."

Aliendelea na msasa. Niliona mkono umepunguza mwendo. Nikaingia ndani.

Nilikwenda na wifi yangu Flora, dada yake Deo, mwanamke wa maneno machache anayeuza chumvi sokoni. Bwana Salehe alipoona nimekuja na khanga moja na uso mkavu, alianza kurudi nyuma. Alisema ana jina lake mjini, na mambo ya kuwapiga picha wake za watu bila nguo yatamfungia studio. Nikamuuliza kama si yeye anayeitwa na polisi kupiga picha malori yanapopata ajali mteremko wa Muze. Akasema ndiye.

"Lori huwa unalifunika kitenge?"

Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Basi Bwana Salehe, usinipendezeshe. Nipige kama gari lililogongwa. Onyesha palipobonyea."

Tulitoka uani, kwenye ukuta wa nyumba yake uliopakwa chokaa. Lile pazia la ndege na maua lilibaki ndani. Tulikaa kwenye kivuli chepesi ambako jua halikuchoma lakini mwanga ulikuwa mwingi, bila flashi. Flora alinifunga khanga chini ya makwapa, akaniondoa hereni, akanifuta mate kabla ya kila picha bila kusema neno. Tulichukua rula ya mbao ya mtoto wa shule tukaishikiza kando ya shingo ili daktari ajue ukubwa. Ya kuinua kichwa, Flora alisimama pembeni akanyoosha kidole juu angani, ili ajue nilikuwa najaribu kutazama wapi. Bwana Salehe, akishaacha kuogopa, alikuwa fundi kweli. Alisogea mpaka kovu likajaa kwenye kioo, akanisubiri nipumue, akabonyeza. Aliniambia nisimtazame, nitazame ukuta wa jirani. Mimi nilimtazama. Katika picha zote zile, macho yangu yako kwenye kamera, na hakuna hata moja niliyoinamisha macho zaidi ya shingo ilivyoniinamisha yenyewe.

Picha zilikwenda Mbeya na kurudi, na safari hii maneno yalizitangulia. Nani alizichungulia sijui, na sikutafuta kujua. Nilipokwenda kuzichukua, wanawake wawili sokoni walinyamaza nilipopita. Flora ndiye aliyeniambia jioni: mjini wanasema mke wa seremala amepigwa picha za uchi, zinapelekwa kwa wazungu. Wengine waliongeza kwamba ni za kutafutia mali. Deo alikuwa amesikia. Alirudi nyumbani mapema, akakaa bila kuvua viatu.

Alhamisi ilikuwa siku ya jumuiya, zile familia kumi na kitu za mtaa wetu zinazosali pamoja, na zamu ilikuwa kwa Bibi Yusta, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama mkwe alinishauri nibaki. Nilivaa gauni lenye shingo wazi, la kwanza tangu moto, nikachukua bahasha nikaenda. Tulisali rozari, tukasoma Injili, mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye tangazo. Nikasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," wakaitika, wengine kwa sauti ndogo.

Nikawaambia nimesikia picha zangu zinatafutwa, nami sipendi watu wasumbuke. Nikazipanga mkekani, moja moja, zikiwaelekea wao.

Hakuna aliyesogea. Kuku alipita mlangoni. Kisha Bibi Yusta, mwenye nyumba, aliinama akaokota moja, ile ya mdomo ukijaribu kufunga. Aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Kovu lilikuwa linaonekana kila uzi wake, mdomo wa chini umeshikwa chini na zile kamba za ngozi, meno wazi, mate yakimeta.

"Kumbe mdomo haufungi," alisema. "Skola, mwanangu. Mwaka jana kwenye msiba wa mzee wangu ulikataa chakula changu. Nikasema ana kiburi, ananihofia nitamlisha kitu. Kumbe mdomo haufungi."

"Haufungi, Bibi."

Hapo ndipo wengine waliposogea. Picha zilipita mkono kwa mkono. Mwanamke mmoja aliuliza kama inauma, mwingine nalalaje. Yalikuwa maswali ambayo nilikuwa nimeyangoja kwa muda mrefu kuliko nilivyojua. Nilijibu yote. Picha zilipomfikia mama mkwe, aliyekaa kona, alizikusanya zote, akazipanga kwa upole kama kadi za ubatizo, akazirudisha kwenye bahasha mwenyewe.

Deo hakuwa amekuja jumuiya. Niliporudi aliniomba bahasha. Alizitazama akiwa amesimama karibu na dirisha ambako bado kulikuwa na mwanga. Alichukua muda kwenye kila moja.

"Linaishia chini ya bega," alisema mwisho. "Karibu na kwapa. Sikujua limefika huko."

"Sasa unajua."

"Nisamehe. Nilikuwa nakuletea vitu ili nisikuangalie."

Usiku ule alirudisha mto wake chumbani kwetu. Sikumpa maneno matamu, wala yeye hakuyatafuta.

Asubuhi, bahasha ilikuwa nzito kidogo. Mama mkwe alikuwa ametia ndani medali yake ya Mama Maria, akaifunga kwa gundi. Alisema kama picha ni mtu, basi mtu hasafiri peke yake. Nikaiacha. Miezi baadaye daktari aliniuliza medali ile ni ya nani, maana alidhani ni sehemu ya malipo.

Majibu ya redio yalikuwa mafupi. Daktari alisema sasa ameona, na niende kabla ya mvua.

Kuhusu upasuaji nitasema machache, maana kila mwili una yake. Tulikaa barazani na watu wa kila aina: mtoto mwenye mdomo uliopasuka, kijana wa Kisukuma aliyekanyagwa uso na ng'ombe, mama aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Wote tulikuwa tumetanguliza picha, na wote tulijuana kwa picha kabla ya majina, kwa kuwa muuguzi alikuwa amezibandika ukutani. Yangu alikuwa ameiweka juu, akaniambia anawaonyesha wengine inavyotakiwa. Walinipa nusu kaputi. Nilipozinduka, kichwa kilikuwa kimelala nyuma, shingo imezungushiwa bandeji nene, na paja la kulia linawaka moto pale walipotoa ngozi. Paja ndilo lililoniuma kuliko shingo, nanyi mjiandae kwa hilo, wengi hawaambiwi. Kitu cha kwanza nilichoona ni dari. Ilikuwa dari mbovu, ina alama za maji na buibui. Niliitazama mpaka machozi yakaniingia masikioni.

Kipande kimoja cha ngozi hakikushika. Kiligeuka cheusi, kikanuka, kikatolewa, na nikarudia tena mvua zilizofuata. Kati ya upasuaji wa kwanza na wa pili nilikaa na kola ngumu shingoni na niliambiwa mto uwe chini ya mabega, si chini ya kichwa, kwa miezi mingi, kwa sababu kovu halichoki kuvuta. Deo alitengeneza kitanda kipya chenye ubao uliopandishwa mabegani na kushuka kichwani. Kilikuwa kibaya kutazama, kama kitanda cha mtu aliyelewa. Alilala juu yake na yeye, akaamka shingo imekakamaa, akasema sasa tuko sawa. Mama mkwe alinikanda kovu kwa mafuta ya karanga asubuhi na jioni, kwa nguvu za mtu anayekanda unga, na nilipolalamika aliniambia niliutaka mwenyewe uzuri.

Sasa mavuno mengine mengi yamepita. Naweza kuinua kichwa, kufunga mdomo, kunywa uji kwenye kikombe nikiwa nimekaa na wenzangu. Shingo yangu ina rangi tatu. Ile ngozi ya paja ni laini na ina vinyweleo, na watoto wangu wanaichekea. Mdomo umelala upande kidogo. Wapo wanaonitazama na kusema, kwa huruma, kwamba baada ya shida yote ile bado kovu linaonekana. Nawajibu kwamba halikwenda kufichwa, lilikwenda kufunguliwa. Sweta la shingo ndefu nalivaa mwezi wa saba kwa sababu ya baridi tu.

Mwaka juzi alikuja kwangu mwanamke kutoka Milepa, bondeni, wa familia za wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Anaitwa Nkwimba. Aliungua akiwa msichana, akaangukia moto wakati wa kifafa, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshikana na ubavu. Alikuja na mumewe na mtandio mkubwa uliomfunika mpaka kifuani. Sista Imelda alikuwa amewaelekeza kwangu. Niliwapeleka kwa Bwana Salehe, ambaye kuta zake za uani amezipaka chokaa upya na anajua la kufanya. Mume akaanza kuuliza kama lazima afunue, kama haitoshi kuonyesha mkono tu, kama mpiga picha hawezi kuwa mwanamke. Yalikuwa maswali ya haki. Nilimjibu kila moja, kisha nikamwomba asimame pale ambapo mkewe anaweza kumwona, lakini mbele, upande wa kamera, si nyuma kama mlinzi.

"Kwa nini mbele?" akauliza.

"Ili na wewe uangalie," nikamwambia.

Alikwenda akasimama kando ya Bwana Salehe. Nkwimba alimtazama kwa muda, akitafuta kitu usoni mwake. Sijui kama alikipata. Kisha alipeleka mkono wake wa kushoto, ule mzima, kwenye fundo la mtandio, akakataa msaada wangu, akalifungua mwenyewe.